Njoo Mwenyewe, Usije kwa Simu

Mji wa Kale, Mombasa
14 Januari 2026

Shoga yangu mpenzi, Mamake Salma,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta wewe, mzee wako na watoto mkiwa wazima wa afya. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Bi Mkubwa miguu inamsumbua lakini ulimi wake mzima, na kila akisikia jina lako hukuulizia. Rajabu inaelekea kwisha, nami tangu Jumapili sina raha, ndiyo maana nimeiweka simu kando nikachukua karatasi.

Sababu ni yale maneno yako machache. Nilikuarifu kwamba harusi ya binti yangu Nasra, ambaye ni mwanao pia, inshallah, itakuwa mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, nawe ukanijibu: "Mashallah, hongera shoga, nitumieni linki nitatazama mubashara." Kisha ukatia maua matatu. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi kuliko yanavyostahili. Wallahi sikukasirika, nilihuzunika, kwa sababu wewe ndiye uliyemshika Nasra siku alipotoka arubaini, na kwenye arusi yake sikuwahi kukuwazia mahali pengine ila mkekani, ubavuni pangu. Nikajiuliza ni lini sisi wawili tulipogeuka watu wa kutazamana, na jibu nilikuwa nalo.

Unaikumbuka siku ya tarehe 6 Mei 2020? Ramadhani haijafika nusu, likatoka tangazo kwamba hakuna kuingia wala kutoka Mji wa Kale huku kwetu, wala Eastleigh huko kwenu. Nilikupigia nikakuta laini ina shughuli, nikapiga tena na tena, kumbe na wewe wakati ule ule ulikuwa ukinipigia mimi. Mombasa na Nairobi zilikuwa zimekwisha kufungwa tangu mwezi wa nne na gari la moshi la abiria limesimama, kwa hiyo hata kabla ya tangazo lile hukuwa na njia ya kuja. Kisha katika kumi la mwisho mamako akatutoka, Mwenyezi Mungu amrehemu, na mazishi yote nchini yakawa ni ya watu kumi na watano tu. Mimi ndiye niliyeishika ile simu ili umwone anavyotolewa nyumbani. Mkono ulikufa ganzi, lakini niliogopa kuubadilisha nisije nikakukatia picha. Tulipokuwa tukisoma Yasini, sauti yako ilitufikia ikiwa imechelewa aya nzima, sisi tumekwisha kuvuka wewe ungali nyuma, na akina mama wakakusubiri kila aya hadi mwisho. Kwa hivyo usidhani kwamba ninayekuandikia ni mtu anayeidharau simu. Mwaka ule simu ilikuwa rehema, na nitakayoyasema huko mbele uyasome ukilikumbuka hilo.

Lakini nimekuwa nikikaa na kulifikiri jambo moja: namna korona ilivyobadilisha si tu vitu tunavyovitazama bali pia namna ya kukaa tunapovitazama. Kabla ya hapo nyumba yetu ilikuwa na televisheni moja na redio moja, ile ya Bi Mkubwa, na kila mtu alijua zamu yake. Amri ya kutotoka nje usiku ilipoanza tarehe 27 Machi, saa moja jioni sote tuko ndani, nilidhani tutazidi kuwa kitu kimoja. Na wiki za mwanzo ilikuwa hivyo hasa. Misikiti imefungwa, tukawa tunaswali tarawehe sebuleni, tukasikiliza darsa redioni alasiri, asubuhi watoto wanafuata masomo yao kwa redio na televisheni kwa sababu shule zimefungwa, na baada ya futari tunatandika mkeka kutazama tamthilia ya Kituruki, huku Bi Mkubwa akimgombeza mama mkwe wa mle ndani kana kwamba anasikika. Sijui ni usiku gani hasa mkeka ule ulipoanza kupungua watu. Yule wa kati alipata bando la usiku akawa na filamu zake chumbani, Nasra akaingia katika TikTok, wadogo wakapewa simu za masomo, na simu zile hazikurudi tena. Kufikia Julai, tulipofunguliwa njia, nyumba ilikuwa na watu saba na masikio kumi na manne yaliyozibwa. Nilikuwa nikiita chakula kwa ujumbe wa WhatsApp ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Mzee wangu naye alikuwa na huzuni yake. Lile banda la mpira la pale kwenye kona, alikokuwa akienda tangu ujana wake, lilifungwa, na mpira wenyewe wa Uingereza ulikuwa umesimama tangu tarehe 13 Machi. Uliporudi Juni, uwanja mtupu, stesheni moja kubwa ya kule iliweka kelele za mashabiki zilizotolewa katika mchezo wa kompyuta ili mtazamaji asihisi upweke. Aliposikia hivyo alinyamaza kitambo, akasema, "Basi hata kelele sasa zinatengenezwa." Usiku wa tarehe 25 Juni, Liverpool yake ilipopata ubingwa iliousubiri kwa miaka 30, alikuwa peke yake mbele ya televisheni, karibu usiku wa manane, na nje kafyu. Alifungua dirisha akapiga ukelele mmoja. Na kutoka madirisha mengine, upande wa pili wa kichochoro, watu wakamjibu, mmoja, wawili, kumi, asiwaone wala wasimwone. Nilimwona akilia, na sidhani alililia kombe.

Kijana wangu wa kati, wewe unamjua, ndiye tunayebishana naye zaidi kuhusu haya. Ananiambia kwamba jambo hili si letu peke yetu. Anasema Netflix ilipata wanachama wapya karibu milioni 16 katika ile miezi mitatu ya mwanzo ya 2020, ikauvuka mwaka ikiwa na zaidi ya milioni 200 duniani, na kwamba huko Marekani makampuni ya filamu yaliyokuwa yakiyapa majumba ya sinema karibu miezi mitatu kabla ya kuiachia filamu iende majumbani, yalianza kukubaliana na siku 17 tu. Kampuni moja kubwa, Warner Bros., ikatangaza mwezi wa Disemba 2020 kwamba filamu zake zote za mwaka uliofuata zitatoka siku moja, sinema na nyumbani. "Mama," akaniambia, "kama wenye sinema wenyewe wamekubali, wewe utaizuia harusi?" Nikamjibu kwamba majumba ya sinema ya hapa mjini, ambako sisi wasichana tulipanga foleni kwa filamu za Kihindi, yalikufa zamani kabla ya korona, kwa hivyo si kila msiba ni wa korona. Hata hao Netflix, mwaka 2022 walitangaza kwamba wamepoteza wanachama 200,000 katika miezi mitatu, jambo ambalo halikuwa limewapata kwa zaidi ya miaka kumi. Watu walipofunguliwa walitoka nje. Ninachouliza mimi ni kwa nini sisi hatujatoka.

Na siwezi kumlaumu kijana, kwa sababu utalii uliposimama na mzee akarudishwa nyumbani bila mshahara, ni yeye aliyetulisha. Alikuwa akichukua video za harusi na kuwapa watu katika flashi, na harusi zilipokatazwa alikaa miezi bila kazi. Ziliporudi kwa watu wachache, akaanza kuzirusha mubashara kwa wale wasioweza kufika. Ile ya kwanza, ya binti wa mama wa mahamri, mimi nilikuwepo. Simu iliwekwa juu ya kigoda, na huko ndani yake mna ami zake wa Muscat, shangazi wa Leicester, dada zake wa Toronto wamekesha kwa ajili ya tofauti ya saa. Tulipiga vigelegele, nao wakapiga vya kwao. Sikuona ubaya wowote, na hata leo sioni ubaya wa siku ile.

Ubaya umekuja taratibu, shoga yangu, nao ndio unaoninyima usingizi. Wewe unakujua kupamba, ile sherehe ya wanawake ya kumtoa bibi arusi, kulivyokuwa. Mlangoni huwekwa mama mwenye macho makali, asipite mtu na simu, na mpiga picha ni mwanamke anayejulikana kwao. Ukishapita mlango ule unavua buibui, unatoa dhahabu yako na ududi wako, na ukumbi mzima ni wanawake waliojipamba kwa ajili ya wanawake wenzao. Mwimbaji akiimba fumbo, anayejijua kaguswa anainuka kwenda kumtunza pesa, na anayejua kamgusa nani anacheka pembeni. Mwezi uliopita nilikwenda kupamba katika ukumbi mmoja huku bara, upande wa Nyali. Kamera tatu zilikuwa mubashara, na juu ya hizo kila mkono una simu. Nikatazama safu za viti: akina mama wa rika letu wamekaa na mabuibui yao yamefungwa hadi shingoni, na baadhi yao wamejifunika nyuso, ndani ya ukumbi wa wanawake! Kwani nani anajua upande wa pili wa linki ile ameketi nani? Shangazi anatazama Leicester, na nyuma ya kochi lake amesimama rafiki wa mwanawe. Basi hakuna aliyecheza. Mwimbaji aliimba akiielekea kamera, tuzo zikaingia kwa M-Pesa kutoka ng'ambo, akawa anayasoma majina ya watu wasiokuwepo huku sisi tuliokuwepo tumekaa kama wageni wa matanga. Simlaumu, kwa kuwa waimbaji wa tarabu walipitia mwaka mzima wa njaa na tuzo hizo ni haki yao. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa sikucheka hata mara moja, na niliona kwamba tumewafungulia mlango wasiokuja, na tuliokuja tukafungwa.

Kwa hivyo nimekata shauri, na kijana amekubali baada ya siku tatu za kutosemeshana. Nikahi itakuwa msikitini kwa wanaume, nayo itarushwa mubashara, waione wote popote walipo. Kupamba hakutarushwa. Hapatakuwa na linki. Simu zitaachwa mlangoni katika vikapu, kila moja na nambari yake. Nasra mwenyewe, ambaye nilidhani atalia, alinishukuru, akasema anataka kucheza na rafiki zake siku moja bila kujitazama.

Hapa ndipo ninapokuhitaji. Kwanza, jamaa wa ng'ambo wameanza kuwaka moto. Ami yetu wa Muscat ameniletea ujumbe wa sauti wa dakika sita, anasema ninawakata watu na damu yao. Wewe anakusikiliza kuliko anavyonisikiliza mimi, na ulimi wako ni laini. Mwambie kwamba video atapata, ile ya mpiga picha mwanamke, iliyokwisha kuchujwa, na iwe ya wake zake na binti zake. Pili, zile pembe za vugo, ngoma yetu ya wanawake ya harusini, za marehemu mamako. Ulipokuja kugawa vitu vyake ulizichukua, na ulifanya vyema, lakini tangu siku hiyo vugo la mtaani kwetu linapigwa kwenye spika. Wasichana wanazijua nyimbo kwa sababu wamezisikia YouTube, ila hawajui kujibizana, wanaimba wote kwa pamoja kama watu wanaosoma ubao. Nataka wamwone mtu aliyefundishwa na mamako akizipiga pembe zile mbele yao, aikosee beiti na kuirudia. Ni wewe tu uliyebaki anayeweza.

Najua utaniambia kazi, na utaniambia nauli. Pia najua, ingawa hujaniambia, kwamba tangu mwaka ule unaona uzito kuingia katika nyumba ambayo mara ya mwisho ulimwona mamako akitolewa kwa kupitia kioo cha simu. Nilikuona ulivyosimama kizingitini ulipokuja. Sikukuuliza wakati ule na sasa pia sikulazimishi. Ila chumba cha juu ni chako, hakina kumbukumbu ya mtu ila ya sisi wawili tukiibiana mashairi ya redioni, na Bi Mkubwa ameshasema hakuna atakayekupokea ila yeye.

Basi niambie, likizo yako inaanza lini, na wanaweza kukupa siku tano? Salma atakuja nawe, au ana mitihani? Pembe bado ziko mbili, au ile yenye ufa ilivunjika? Fimbo zake unazo, au nimwambie seremala achonge nyingine? Unaikumbuka ile beiti ya mwisho ya kumtoa bibi arusi, maana mimi ninaikumbuka hadi katikati tu? Na ami wa Muscat utampigia kabla ya Shaaban haijaandama, au nimwache kwanza apoe? Ukipanda gari la moshi la asubuhi, kijana atakuwa stesheni ya Miritini kukungoja.

Ukipata barua hii nipigie, nisikie sauti yako. Usinitumie maua.

Ni mimi shoga yako,
Mamake Nasra