Risala ya Wanakikundi wa Kliniki ya Presha kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, Siku ya Shinikizo la Damu Duniani, Mei 17

Ndugu Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya yetu;
Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji;
Waganga na wauguzi wa zahanati, wazee wetu, mabibi na mabwana:

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima, na tunakushukuru wewe kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kukaa nasi chini ya mkorosho huu.

Ndugu Mgeni Rasmi, kikundi hiki kilianza kwa kukumbushana vidonge. Siku hizi kliniki ikichelewa kufunguliwa, watu wanabishana kuhusu tafiti. Mmoja anasema namba ya juu ya presha ikishuka chini ya 140 inatosha. Mwenzake anatoa simu, anasema Marekani wameshathibitisha ni chini ya 120. Ni kweli, utafiti wa SPRINT wenye watu 9,361 ulisitishwa kabla ya wakati mwaka 2015, kwa kuwa kwa waliolengwa kushushwa chini ya 120 matatizo ya moyo na vifo vilipungua kwa takriban robo, kuliko kwa waliolengwa chini ya 140. Lakini utafiti huo haukupokea mwenye kisukari wala aliyewahi kupata kiharusi. Hebu tazama benchi hili la mbele: ukiwaondoa wenye sukari na waliopooza mkono, atabaki nani? Tena walioshushwa sana walizidi kuzimia na kupata shida ya figo. Hayo kwenye simu hayafiki.

Ndiyo maana tuliufurahia zaidi utafiti wa CREOLE wa mwaka 2019. Ulifanyika katika nchi sita za Afrika, jirani zetu Kenya na Uganda wakiwemo, kwa wagonjwa weusi 728 waliopimwa presha saa 24 mfululizo. Waliotumia amlodipini pamoja na dawa ya pili, iwe perindoprili au ile ya kupunguza maji mwilini, presha yao ilishuka zaidi kuliko waliopewa hizo mbili bila amlodipini. Utafiti huo ulipima presha, haukuhesabu viharusi, hilo tunalijua. Hata hivyo ni majibu yaliyotoka kwa watu kama sisi, na ombi letu ni kwamba amlodipini isikosekane zahanati, mtu asilazimike kupanda bodaboda hadi hospitali kuifuata.

La pili ni mkanda wa mashine ya presha. Tunao mmoja, mwembamba. Kwa mama zetu wenye mikono minene huachia katikati ya kupima, muuguzi akaushikilia kwa kiganja. Na mkanda mdogo husoma presha juu kuliko ilivyo. Tunahofia wapo wanaoongezewa dawa kwa kosa la mkanda. Tunaomba mkubwa.

Mwisho, watafiti wakija wilayani, walete na kwetu. Wapo bado wanaosikia utafiti wakawaza mumiani, nasi tupo tayari kukaa nao. Ila tuone kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili, mtu aelezwe waziwazi kwamba makundi hupangwa kwa bahati nasibu, na kwamba akijitoa kliniki yake inabaki palepale. Na majibu yakipatikana, waje kutusomea hapahapa.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.