Barua ya wazi kwa Waziri: Wali wa Mang'ula nao upandishwe mlimani

Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: CHAKULA CHA MCHANA UDZUNGWA

Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Nkuhungu, hapa hapa Dodoma. Hivi karibuni tulichanga watu kumi na wawili wa kazini tukaenda Hifadhi ya Milima ya Udzungwa. Treni ya umeme hadi Morogoro, kisha Kosta ya kukodi kupitia Mikumi mpaka Mang'ula, chini ya mlima. Usafiri haukutusumbua.

Sisi ni watu wa mibuyu na miiba, mito yetu sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga. Kuingia kwenye msitu ambao majani yanadondosha maji na jua limewaka kulitunyamazisha, hata yule mwenzetu wa mazungumzo mengi. Hifadhi ina kilomita za mraba 1,990, na ukitaka kuiona unatembea kwa miguu. Tulipanda hadi maporomoko ya Sanje, maji yanayoshuka mita 170 kwa hatua tatu. Njiani mwongozaji akatusimamisha, akatega sikio, akasema kwa sauti ya chini: "Ngolaga." Kima huyo wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu. Wenyeji walikuwa na jina lake muda wote huo. Naomba uliweke hilo akilini, nitalirudia.

Saa saba tukakaa kwenye mawe, yakafunguliwa maboksi. Kampuni iliyotupeleka, sitaitaja, ilikuwa imeyabeba kutoka mjini. Paja la kuku lililoganda mafuta, yai la kuchemsha, keki, juisi, na ndizi moja. Ndizi ile, Mheshimiwa, ilinunuliwa mjini, ikapakiwa kwenye gari, ikapelekwa Mang'ula, kwenye migomba! Tuliila tukitazama bonde la Kilombero, ambako mchele wake Watanzania wanaulilia sokoni.

Jioni, tumeshuka na miguu inatetemeka, tukaingia kwa mama lishe mmoja kando ya barabara. Alipofunua sufuria ya wali tulisogea wote kwa pamoja, bila kuambizana. Punje zimeachana, zinanukia zenyewe kabla ya nazi. Pembeni kitoga, samaki wa Mto Kilombero, kwenye mchuzi mzito, mchicha, na pilipili ya kupondwa kwenye kikombe kilichopasuka mkono. Tukamweleza habari za maboksi, akacheka. "Nawaona wageni wakipita nayo, wanangu. Mimi wateja wangu ni madereva."

Hapo ndipo ninaporudi kwa ngolaga. Wenyeji wanacho kitu, na jina lake wanalo, sisi tunapita bila kuuliza.

Na watu hawa wameugharamia msitu huu. Mpaka mwaka 2011 wanavijiji waliruhusiwa kuokota kuni kavu ndani ya hifadhi kwa siku maalumu. Ruhusa hiyo ikasitishwa, kwa sababu za uhifadhi ambazo sizipingi. Lakini mama aliyeacha kuokota kuni ndani ya hifadhi, mgeni anampita mlangoni na kuku wa mjini. Umwambie nini akuelewe?

Ombi langu ni dogo. Kampuni zinazopeleka wageni Udzungwa zipewe sharti: chakula cha mchana kinunuliwe vijijini chini ya mlima. Akina mama wapimwe afya, wasajiliwe kwa kikundi, wafundishwe kidogo habari za usafi na muda, kwa kuwa mwongozaji hawezi kusubiri maharage yaive. Wali ufungwe kwenye jani la mgomba au upandishwe kwenye hotipoti, na takataka zote zishuke na waliopanda. Mifuko ya plastiki tuliiacha 2019, sijui kwa nini sahani za povu bado zinapanda mlimani.

Najua utaambiwa mgeni wa kutoka Ulaya ataumwa tumbo. Inawezekana. Basi tuanze na sisi wa Dodoma, matumbo yetu yamezoea mlenda na ugali wa uwele, kitoga hawezi kutushinda.

Tunarudi huko mwezi Juni, safari hii na watoto. Yule mama ameniuliza aende ofisi gani, na fomu, kama ipo, inaitwaje. Nimeshindwa kumjibu, ndiyo maana nimekuandikia wewe.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Nkuhungu, Dodoma