Kiwiko kimenisuta

Tanga, Jumapili usiku

Swahiba Baba Nuru,

Salamu nyingi. Huku wazima, ila Bibi anakohoa kidogo na huu upepo wa kusi. Najua nimekaa kimya tangu Ramadhani, na utasema nakukumbuka nikiwa na shida tu. Basi shida ninayo. Iko kwenye kiwiko.

Ilianza kidogokidogo. Nikizungusha ufunguo mlangoni, upande wa nje wa kiwiko unachoma. Juzi birika la chai limenishinda kuinua, Mama Zuhura akacheka mpaka akakaa chini. Nikaenda kwa Fundi na raketi yangu ya tenisi. Akaubonyeza uso wa raketi kwa kiganja, akaniuliza nyuzi hizi nimefunga lini. Nikajibu kwa majivuno: kabla ya Ramadhani, poliesta tupu, mkazo wa paundi 56, na hazijakatika hata moja!

"Hazijakatika," akasema, "lakini zimekufa siku nyingi."

Hapo ndipo nilipokukumbuka wewe. Unakumbuka nilivyokucheka na nyuzi zako za mchanganyiko, nusu poliesta nusu laini, nikasema raketi yako ni pilau juu ya ugali? Nisamehe. Mimi nilidhani uzi unaodumu ni ule usiokatika. Kumbe poliesta inalegea mapema na kupoteza mnyumbuko wake, ila inabaki pale pale, ngumu kama waya. Vijana wanaopiga kwa nguvu wanaikata kabla haijawaumiza. Sisi wa Jumamosi hatuna nguvu za kuikata, tunakaa nayo miezi, na kila mtikisiko unaishia mkononi.

Sasa Fundi amenifungia poliesta za wima na nyuzi laini za mlalo. Anasema za wima ndizo zinazosuguana zaidi na ndizo hukatika kwanza, kwa hiyo ugumu ukae huko. Na ameshusha: za wima paundi 50, za mlalo 52. Wiki ya pili hii. Nafuu ipo, birika nainua, lakini bekihendi, lile pigo la mgongo wa mkono, bado naipiga huku nimefumba jicho moja.

Ndiyo maana nataka kujaribu kinyume chake, laini wima, poliesta mlalo. Bingwa Federer alicheza hivyo miaka mingi, nyuzi za utumbo wa ng'ombe wima na poliesta ya Luxilon mlalo. Najua utasema nini. Wale wanaingia uwanjani na raketi kadhaa zilizofungwa upya, mimi nafunga mvua zikipita. Zitakatika upesi, sawa. Afadhali uzi ukatike kuliko mimi. Ila utumbo wenyewe siuwezi, bei yake ni ya harusi, na unyevu wa hapa pwani ungeumaliza.

Kwa hiyo nakuomba, ukitoka huko Nairobi niletee pakiti moja tu ya zile laini zilizosokotwa kwa nyuzinyuzi nyingi, unene wa milimita 1.30, zisiwe nyembamba zaidi. Mita 12 zinatosha raketi mbili, maana poliesta ya nusu nyingine ninayo. Pesa nitakupa ukifika, na safari hii kweli.

Mama Zuhura anasema kiwiko hakina kosa, kosa ni kucheza seti tatu na Mwalimu kwenye jua la saa nane. Huenda. Sikumjibu.

Niambie basi: wewe laini unaziweka wima au mlalo? Zinakaa wiki ngapi kabla hazijakatika? Na unazikata mwenyewe zikifa, au unangoja kama mimi? Mkono wako ulipona kwa nyuzi, au ni kwa sababu ulipumzika ulipovunja ule mguu? Yule jamaa wa raketi ya njano alikulipa? Unakuja lini hasa, kabla ya mwisho wa mwezi au ndiyo yale yale ya mwaka jana?

Wako,
Mzee wa Poliesta

Nyuma ya barua: usimwambie Mwalimu habari za kiwiko. Ataanza kunipigia mipira yote bekihendi.