Barua kwa Fatma, kabla hujakata tiketi

Muyeye, Malindi

Shoga yangu Fatma,

Asalaam aleikum. Natumai nyumba nzima hawajambo, na mama mguu umepoa. Ujumbe wako wa sauti nimeusikia, kwamba wataka kuja kwangu uingie sauna. Nakujibu kwa maandishi kwa sababu kwa simu tutaishia kucheka, na haya si ya kucheka.

Huyo aliyekwambia ukiingia sauna huna haja tena ya kutembea wala kumeza tembe za presha, amechanganya kweli na uongo kwenye sufuria moja.

Chumba chenyewe cha sauna huku kwetu nakiwasha mimi kila asubuhi, basi nikueleze kilivyo. Ni kijumba cha mbao, mabenchi yamepanda kwa daraja, na pembeni pana jiko la umeme lililojazwa mawe. Kipimajoto ukutani hucheza kati ya digrii 80 na 90. Ukitaka mvuke unachota maji kwa kata, unayamwaga juu ya mawe, yanalia chwaa! na joto linakupiga masikioni kabla ya pengine popote. Bangili na herini vua nje, maana dhahabu hushika moto. Nimeshamwona mama mmoja wa Kitaliano akitoka mbio kashika sikio.

Wala usilifananishe na joto letu la kaskazi. Huko kwenu Langoni, Lamu, mwezi wa pili jasho linakutoka umekaa, lakini hewa imejaa unyevu, halikauki, mwili haupoi. Mle ndani hewa ni kavu, jasho linakauka upesi, ndiyo maana mtu huweza kuvumilia digrii 80 kwa dakika 15 na asidhurike.

Sasa moyo. Joto likikuingia, mishipa ya ngozini inatanuka, damu inakimbilia huko ili mwili upoe, na moyo unalazimika kwenda kasi. Mapigo hufika 100 kwa dakika, na joto likikolea hupanda 120 hata 150, kama ya mtu anayetembea kwa haraka. Hapo ndipo watu wanapodhani wamefanya mazoezi. Moyo umefanya kazi kweli, lakini miguu ilikuwa imekaa! Na ile kilo inayopungua kwenye mizani ni maji matupu, ukinywa inarudi.

Faida si porojo, lakini. Wenyewe Wafini, watu wa Finland, ni kama milioni 5.5, na sauna zao hukisiwa kufika milioni 3, kwa hiyo wana watu tele wa kuchunguza. Katika mji wao wa Kuopio walifuatilia wanaume 2,315 wa makamo kwa miaka 20 hivi, na mwaka 2015 mtafiti Jari Laukkanen na wenzake wakatoa majibu: walioingia sauna mara 4 hadi 7 kwa wiki, vifo vya ghafla vya moyo vilikuwa pungufu kwa asilimia 63 kuliko walioingia mara moja. Najua utauliza, na wanawake je? Mwaka 2018 ukaja utafiti mwingine wa huko huko wa watu 1,688, zaidi ya nusu wanawake, nao ukaelekea upande ule ule.

Ila mimi hapo huwa nasita. Wale waliangaliwa tu, hakuna aliyepangiwa aingie mara ngapi. Mgonjwa hoi haingii sauna kila siku. Watafiti walijitahidi kuweka hesabu ya sigara, presha na kisukari, lakini huwezi kuyamaliza yote.

Utafiti ninaouamini zaidi ni mdogo, wa Jyväskylä, mji mwingine wa huko Finland, uliotoka 2022. Watu 47, wengi wao wanawake wa rika letu, wasiopenda mazoezi, kila mmoja na kasoro yake ya presha au kolesteroli au mfano wa hayo. Waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja liliendelea na maisha yake, la pili likafanya mazoezi, la tatu likafanya mazoezi kisha dakika 15 za sauna, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 8. Hili la tatu lilipata nguvu ya pumzi zaidi kuliko la mazoezi peke yake, na ile namba ya juu ya presha ilishuka kwa pointi 8 zaidi. Umeona ilivyokaa? Sauna imekuja juu ya mazoezi, haikuyafukuza.

Lakini Fatma, lililoninyima usingizi ni lile ulilolitaja mwisho, kwa kupitia tu, kwamba ukipanda ngazi za nyumbani kifua kinakubana mpaka usimame. Hilo lilitakiwa liwe la kwanza! Nenda hospitali wiki hii, wakupime umeme wa moyo. Maumivu ya kifua yasiyojulikana chanzo, sauna ni marufuku, na kwenda mbio pia. Hata kama ni gesi, aseme daktari.

Na tembe usiache. Ila mwambie daktari unataka kuingia joto, maana joto lenyewe hushusha presha, ukijumlisha na tembe unaweza kuinuka ghafla ukaanguka. Ukiwa na saumu usiingie kabisa.

Akikuruhusu, anza na miguu. Langoni hadi Shela kwa mwendo wa kuchangamka, ule unaoweza kuongea lakini kuimba huwezi, ni dakika arubaini na kitu. Rudi kwa boti ukitaka. Mara nne kwa wiki umeshazipita dakika 150 wanazoshauri Shirika la Afya Duniani. Angalia maji tu, yakijaa njia ya ufukweni inamezwa. Na usinipandie punda ukasema umetembea.

Kisha njoo. Chumba ni kimoja, wanaume kwa wanawake, lakini nimeomba tupewe asubuhi moja sisi wenyewe na nimekubaliwa. Utakaa benchi la chini, dakika kumi zinatosha kuanzia, nami nipo mlangoni na jagi la maji. Beba leso mbili, moja ya kukalia. Ila kabla hujavuka bara, Mokowe, kutafuta basi, nipigie picha karatasi ya daktari unitumie. Bila hiyo sikufungulii.

Wako,
Zuhura