Kaulimbiu ya Stalingrad ilitoka Moscow

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu vita vya Stalingrad nimeifurahia, isipokuwa pale mlipoandika kwamba "Hakuna kurudi nyuma hata hatua moja!" ni kauli iliyowatoka askari waliobanwa kando ya mto Volga. Kauli hiyo ilitoka Moscow, ndani ya Amri Nambari 227 aliyoitia saini Stalin tarehe 28 Julai 1942, siku chache baada ya mji wa Rostov kuanguka mikononi mwa Wajerumani. Wakati huo Wajerumani walikuwa hata hawajaingia Stalingrad.

Ukiisoma amri yenyewe unakutana na hesabu kwanza. Nchi imekwisha poteza watu zaidi ya milioni 70, yaani waliobaki katika maeneo yaliyotekwa, na kila mwaka itakosa tani zaidi ya milioni 10 za metali. Inakiri hata kwamba raia wengi wanalilaani Jeshi Jekundu kwa kuwaacha mikononi mwa adui na kukimbilia mashariki. Ndipo inakuja kaulimbiu, ikifuatiwa na adhabu: waoga wauawe papo hapo, na vikosi vya kuzuia viwekwe nyuma ya divisheni zinazoyumba. Kinachonishangaza kila mara ni kwamba Stalin anasema waziwazi kuwa Wajerumani ndio waliotangulia kutumia mbinu hiyo, na anauliza kwa nini Wasovieti wasijifunze kwa adui.

Hata hivyo, tusiangukie hadithi za sinema, za rashasha kumfyeka kila anayegeuka nyuma. Kumbukumbu za NKVD, polisi wa siri wa Kisovieti, za kuanzia 1 Agosti hadi 15 Oktoba 1942 zinataja askari 140,755 waliozuiwa. Waliopigwa risasi ni 1,189, si wachache hata kidogo, lakini 131,094 walirudishwa vikosini.

Na ile picha mliyochapa, ya askari kifua wazi mwenye guruneti mkononi, ni sanamu ya mchongaji Vuchetich iliyopo Mamayev Kurgan, kilima cha kumbukumbu ya vita hivyo. Kaulimbiu imechongwa kwenye jiwe lake. Eneo hilo lilizinduliwa 1967, ilhali amri, ingawa askari walisomewa vikosini mwaka ule ule wa 1942, haikuchapishwa kwa umma wa Kisovieti hadi 1988. Kwa miaka 21 wageni walisoma mstari mmoja jiweni, kurasa zilizobaki zimefungiwa.

Mkiirudia makala hiyo, naomba amri itajwe kwa nambari na tarehe yake.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Morogoro