Mama, pesa ya mwezi huu imekwenda barabarani

Kampala, Jumapili jioni

Mama, shikamoo.

Mimi mzima, gari nalo zima. Dada kaniambia umenung'unika kwamba mwezi huu nimetuma pungufu, na kaka kakutia maneno kwamba nimepata mtu huku. Sijapata mtu, Mama. Ni barabara.

Abiria wangu wengi wanakwenda uwanja wa ndege, Entebbe. Njia ya zamani, ya kupitia Zana na Kajjansi, haina malipo, ila foleni yake ya jioni inamgeuza hata abiria mpole. Ile mpya ilifunguliwa 2018, watu wakaipita bure mpaka Januari 2022 tozo ilipoanza. Bodaboda haziruhusiwi, waenda kwa miguu vilevile. Gari dogo kama hili, Busega hadi Entebbe, ni shilingi 5,000 kila upande. Najua shilingi ya huku nyepesi kuliko yetu ya Tanzania, lakini safari mbili kwa siku, kwenda na kurudi, tayari 20,000. Abiria muungwana hulipa mwenyewe. Wengine tukikaribia geti tu, simu inawashika.

Kwa hiyo nikirudi mtupu napita ya zamani, kama Baba alivyokuwa akizunguka Kongowe ili asilipe darajani Kigamboni. Nilikuwa namcheka!

Sasa kilichonifikisha kwenye kadi ya kulipia tozo. Alfajiri moja nilikuwa na mama mmoja wa safari ya Dubai, kachelewa, kila dakika ananisomea saa. Nikaona upande mmoja wa geti mweupe, hauna gari, nikajitosa. Kumbe ni wa magari yenye kifaa kile cha kubandika kiooni: mtambo unakisoma, unakata pesa, mti unanyanyuka. Wangu haukunyanyuka. Nimenyoosha noti nje, hakuna wa kuipokea. Nyuma honi, utadhani tunapeleka bibi harusi. Akaja kijana wa geti, taratibu: "Ssebo," yaani bwana, "huku noti haisomwi." Ikabidi magari matatu yarudi nyuma ili nitoke. Yule mama hakusema neno mpaka uwanjani, na bakshishi sikuiona.

Wiki ileile nikachukua kadi ya kugusisha. Kifaa sikukitaka, maana kinakaa na gari, na gari ni la tajiri; siku akimpa dereva mwingine, salio langu nalo limekwenda. Kadi inalala mfukoni mwangu. Nikaijaza pesa nyingi kwa mpigo, kwa sababu najijua, ikibaki mkononi nitaila. Ndiyo hiyo iliyopungua kwako.

Ijumaa nitatuma iliyobaki, pamoja na ya dawa. Baba usimtajie kiasi nilichojaza, ataanza kuniuliza kwa nini sizunguki pande zote mbili.

Mwanao.