Tezo ya babu yako

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaikum. Sisi huku hatujambo. Masika yameingia na milango ya mtaa mzima inakaza kwenye miimo, kwa hiyo kazi za randa hazinipi nafasi. Mama yako anakusalimu sana.

Juzi alikuja karakanani Mjerumani mmoja, fundi wa vinanda vya kanisa. Si kile kinanda cha nyuzi walichokipiga wazee wetu hapa Lamu. Hivi ni vya mabomba: upepo husukumwa ndani, na kila bomba hutoa sauti yake moja, refu sauti nzito, fupi sauti nyembamba. Kabla hajasema lolote aliokota kipande cha mvule, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Nilishtuka, maana ndivyo alivyokuwa akifanya babu yako. Nikamtilia kahawa, akakaa mpaka ikaadhiniwa adhuhuri.

Alinisimulia karakana ya ukoo wa Klais, mjini Bonn. Johannes Klais aliifungua mwaka 1882, akamfuata mwanawe Hans, kisha mjukuu Hans Gerd mwaka 1965, na tangu 1995 iko mikononi mwa Philipp. Vizazi vinne, mwanangu! Sisi ni watatu tu, wewe ukiwa wa tatu.

Lililonikaa moyoni zaidi ni kinanda cha Las Piñas, Ufilipino. Padri Diego Cera alikimaliza mwaka 1824, na kati ya mabomba yake 1,031, mabomba 902 ni ya mianzi. Aliikata mianzi akaifukia kwenye mchanga wa pwani ili wadudu wasiile. Nikamkumbuka babu yako na mbao zake alizokuwa akizizamisha baharini. Kinanda kile kilipochakaa, mwaka 1973 kilisafirishwa hadi Bonn kwa akina Klais, na 1975 kikarudi kwao kikilia.

Nikamuuliza, huyo Johannes wa kwanza alifunzwa na nani? Akasema alizunguka kwanza kwa mafundi wa watu, Alsace, Uswisi na kusini mwa Ujerumani, ndipo akarudi kufungua yake.

Hapo sikuwa na la kusema. Mwaka jana uliponiomba ruhusa uende Unguja kwa yule fundi wa milango, nilikukatalia mbele ya wenzako. Nikasema, kwani kwangu umekosa nini? Hukujibu. Uliilaza patasi juu ya meza taratibu, ukatoka, na wiki ile ile ukaondoka kwenda Mombasa. Nilikukosea, mwanangu, niwie radhi. Niliogopa kwamba mkono wako ukizoea nakshi ya wengine, yetu itapotea.

Nenda Unguja. Tezo ya babu yako nimeinoa na kuitia mpini mpya wa mkwaju. Itakuja na basi la Jumatatu, imefungwa ndani ya mkeka. Ukifika kule nipigie, uniambie miimo wanaichonga kwa mti gani.

Babako